Upepo wa Tairi la Mbele

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya baiskeli pale Kibokoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu alinipa pampu na tairi moja. "Jaza mpaka uone limetosha," akasema. Nikajaza hata likawa gumu kama jiwe. Akalibonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu, akaenda zake kusali adhuhuri. Nikadhani nimefaulu.

Miaka mitatu nikawa najaza hivyo hivyo. Nikahamishiwa karakana yetu ya Ganjoni, nikakabidhiwa baiskeli za mashindano, zile za tairi jembamba. Waendeshaji waliamini, nami niliamini, kuwa tairi gumu ndilo lenye mbio. Mmoja wao alikuwa Kazungu, karani wa bandari ya Kilindini, mwembamba na mcheshi. Kila Jumamosi nilimtilia paundi mia na ishirini za upepo, kipimo cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Asubuhi moja manyunyu yalilowesha lami. Kazungu akakata kona ya Mbaraki, tairi la mbele likateleza, akaanguka akavunjika mtulinga. Nikamkuta hospitalini, mkono umefungwa kifuani.

"Ni mvua tu, fundi," akaniambia.

"Si mvua. Ni mimi, na upepo niliokutilia."

Nikarudi Kibokoni, nikamweleza Fundi Mkuu. Hakunikaripia.

"Siku ile ya kwanza niliona umezidisha," akasema. "Nikanyamaza, nikingoja uniulize. Kosa ni letu sote, mwanangu."

Akanifunza pale pale uani. Tairi lililojaa kupita kiasi hudundadunda, haliishiki barabara. Lililolegea, rimu huibana tyubu ikatoboka. Mtu mzito huongezwa, mwepesi hupunguziwa. La mbele lipate pungufu kuliko la nyuma, na mvua ikinyesha, yote mawili yapunguzwe tena.

Kazungu alipopona, nikamtilia themanini mbele, tisini nyuma. Akalibonyeza tairi, akanitazama kwa hofu.

"Mbona laini, fundi?"

"Nenda mpaka mnara wa taa urudi. Usipopenda, nitajaza."

Nikaketi kizingitini kumngoja. Nilimsikia kabla sijamwona. Hapakuwa na mtetemo wala kelele za chuma; ulikuwa mvumo mwororo, kama mtu anayeimba midomo imefumbwa. Akashuka taratibu, macho yake bado yako mbali.

"Fundi," akasema, "nilisahau kama chini yangu kuna barabara."

Kazungu hakupata kushinda shindano hata moja. Lakini miaka yote iliyobaki alipita mbele ya karakana akienda kazini, nami kila nikisikia ule mvumo niliacha nilichokishika, nikasimama tu mpaka upotee.

Sasa nimestaafu, na Fundi Mkuu ametangulia mbele ya haki. Vijana huniuliza ni paundi ngapi ndizo sawa. Mimi huwauliza wanakwenda wapi. Kuna asubuhi nikiwa kati ya usingizi na kuamka, baiskeli ya mtu nisiyemjua hupita chini ya dirisha langu, na kabla sijafumbua macho nishajua upepo wake umezidi. Hunyanyuka nikafungua dirisha, nikamwita.