Inabeba Spika?

Muuza jenereta wa karibu na soko la Musoma aliniuliza swali moja tu. "Unataka iwashe nini, dada?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilitoka nalo Butiama, ambako baba yangu alikuwa ameketi kitandani na mirija ya plastiki puani, akivuta hewa ya mashine ya oksijeni tuliyoruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Pengine ni vumbi la pamba la kiwandani Bunda, alikofanya kazi ujana wake wote, pengine ni sigara. Daktari hakutaka kuchagua. Mimi nilichagua sigara, kwa sababu hizo ndizo ningeweza kumgombeza kwazo. Umeme ukikatika, mashine ile ililia pii, ikanyamaza, na baba akaanza kuvuta hewa kwa mabega. Sijui kama umewahi kumwona mtu akivuta hewa kwa mabega. Mimi sikutaka kumwona tena.

"Mashine ya oksijeni," nikamwambia yule mtu. "Na taa mbili, na chaji ya simu."

Alivua kofia yake nyeupe, akajikuna, akanionyesha jenereta dogo jekundu ambalo lingeingia hata kwenye bajaji. Mashine ya oksijeni haili umeme mwingi, alisema, ila pale inapoanza huvuta kuliko kawaida yake, kwa hiyo nisichukue jenereta la kutosha kwa shida. Nichukue la wati elfu mbili, libaki na nguvu ya akiba. Kubwa kuliko hilo ni hasara, maana jenereta kubwa hunywa petroli hata likibeba taa moja, na kelele zake si za nyumba yenye mgonjwa. "Mgonjwa anataka kulala," akasema. Nikampenda bure.

Palepale nikampigia baba simu nimpe habari njema.

"Inabeba spika?" akauliza.

"Spika gani, baba?"

Akavuta hewa kwanza. "Zile kubwa za kanisani. Na maiki. Na taa za kwenye turubai."

Sisi hatukuwa na turubai. Kwetu turubai hufungwa kwa harusi au kwa msiba, na baba hakuwa na mtoto wa kuoza. Nikamwambia muuzaji nitarudi, nikatoka nje nikasimama juani.

Ili hasira yangu ieleweke, lazima niyaeleze mazishi ya mama, aliyetangulia. Siku ile umeme ulikatika mchungaji akiwa ndiyo kwanza amefungua Biblia. Tulikuwa tumekodi jenereta, dogo, kwa ushauri wa mtu aliyeapa kwamba litatosha. Kwa maiki lilitosha. Kisha mtu wa muziki akachomeka spika zote, kwaya ikaanza, na jenereta likakohoa, likazimika, likawashwa, likakohoa tena. Mchungaji akamalizia kwa koo lake mwenyewe. Waliokaa mbele walimsikia. Kule nyuma, upande wa wanaume, watu walianza kuongea habari za ng'ombe na mihogo, na wengine wakaangua kicheko. Baba alikuwa mstari wa mbele, lakini masikio yake yalikuwa nyuma. Hakuwahi kutaja siku ile mpaka nilipofika Butiama kumuuliza ana maana gani na spika zake.

"Mama yenu tulimzika kama tumemwiba," alisema. "Watu walikuwa wanacheka, mama. Mimi nilikuwa nawasikia." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Kwa hiyo unataka tukununulie jenereta la msiba wako?"

"Nataka jenereta ya nyumba. Kwani msiba utakuwa wapi? Si hapahapa nyumbani?"

Angekuwa mtu mwingine ningemtukana. Kaka yangu, mkubwa wangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Bunda, alicheka, kisha akauona uso wangu akaacha. Nikawaeleza wote wawili habari ya petroli na kelele. Nikawaambia mwenye kuhitaji umeme ni mtu anayepumua, maiti hahitaji kitu. Neno hilo nililisema mbele ya baba na sikulirudisha.

"Hizi ndogo zinazimikaga," baba akasema tu.

Kaka akanivuta nje. "Mdogo wangu, mzee ameomba kitu kimoja. Tangu tuzaliwe, umewahi kumsikia anaomba?" Sikuwahi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Likanunuliwa kubwa. Lilikuja na pikapu, wanaume wakalishusha wakihema, wakaliweka nyuma ya jiko chini ya bati, mbali na dirisha ili moshi usiingie ndani. Kaka akavuta waya mrefu kutoka kwenye jenereta, akaupitisha dirishani mpaka kando ya kitanda. Umeme ukikatika ilikuwa kazi yetu kuichomoa mashine ya oksijeni ukutani, kuichomeka kwenye waya ule, kisha kukimbilia nyuma ya jiko kuvuta kamba. Tulipoliwasha mara ya kwanza kuku waliruka uzio, na jirani akatoka kutazama kuna nini. Baba alitabasamu na mirija yake puani. "Hiyo ndiyo jenereta," akasema.

Muuzaji hakukosea, lilikunywa petroli. Lakini petroli tungeitafuta. Kilichonishinda ni kwamba baba alianza kulionea huruma. Umeme ukikatika, alitaka tungoje kwanza, utarudi sasa hivi. Tukiliwasha, haukupita muda alipunga mkono: zimeni.

"Mnaichosha," alisema.

"Baba, hili ni la kutumika."

"Vitu vipya vinachokaga, vikitumika hovyo."

Alikuwa analitunza kwa ajili ya siku yake, na kwa kulitunza alikuwa anaivuta siku hiyo karibu. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Akanishika mkono akasema nimekonda, nile.

Umeme ulikatika mchana mmoja, wali ukiwa jikoni. Niliichomeka mashine kwenye waya, nikaliwasha jenereta, nikamwacha baba na kaka nikaenda kuchota maji bombani. Nikiwa njiani kurudi sikusikia mngurumo. Nilikimbia na ndoo kichwani, kisha nikaitupa. Kaka alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Ameniambia nizime," alisema. "Ameniambia mwenyewe." Mabega ya baba yalikuwa yametulia.

Watu wakiniuliza, huwa nasema sikumlaumu kaka. Nilimlaumu, na bado namlaumu.

Turubai likafungwa. Siku ya mazishi umeme ulikuwapo tangu asubuhi, ukakatika kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Huko nyuma nikasikia wanaume wameanza kunong'ona. Kaka, aliyekaa karibu na jeneza, akaniangalia. Nikainuka, nikaenda nyuma ya jiko, nikavuta kamba, na jenereta likawaka mara moja, jipya kabisa. Mtu wa muziki akahamishia waya zake pale, spika zikarudi zote, na sauti ya kwaya ikaenda mpaka ng'ambo ya mashamba. Wanaume wa nyuma wakanyamaza. Hakuna aliyecheka.

Bado nimeshika kamba, shangazi yangu, dada yake baba, akatoka ndani mbio, kanga imemdondoka begani. "Njoo," alisema. "Chumbani kwa mzee kuna kitu kinahema."

Akina mama waliokuwa wamekaa sakafuni chumbani walikuwa wamejibanza ukutani. Waya wa kaka ulikuwa bado umechomekwa kwenye jenereta, na mashine ya oksijeni kwenye waya. Siku ile baba alipokata roho hakuna aliyekumbuka kuichomoa wala kubonyeza swichi yake. Sasa ilikuwa inafanya kazi, inavuta na kutoa, inavuta na kutoa, na mirija yake inaning'inia kwenye ukingo wa kitanda kitupu.

Shangazi akaniambia niizime. Nikaiokota ile mirija nikaiweka karibu na shavu langu. Hewa ilikuwa inatoka, nyingi, ya baridi kidogo. Nikakaa kitandani kwa baba, nikaiacha iendelee mpaka spika ziliposema amina.