Jirani Mwenye Mistari Mitatu

Wenzake wa maabara walimwita Pangaboi, ile feni ya darini, maana hakuwa na breki. Hata mashine ikiwa kazini, alizunguka meza, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Safari hii alikuwa na sababu. Binti wa kaka yake, juzi tu bingwa wa kuruka kamba, sasa alipanda ngazi kwa kushika ukuta, na jeni zinazojulikana kuleta ugonjwa wa neva wa aina hiyo zilipimwa zikaonekana nzima.

"Shangazi, damu yangu bado inasoma huko maabara?" mtoto aliuliza kwenye simu.

"Inasoma, ila ni mtoro wa shule kama wewe."

Alirudi kwenye ramani ya protini: kila nukta protini moja, na mistari inayounganisha zile zinazoshirikiana kazi. Protini moja ikiharibika, wenzake nao hukwama. Kwa hiyo alimtafuta mkosaji miongoni mwa majirani wa protini za ugonjwa huo. Kati ya jeni zinazounda majirani hao, mbili za mtoto zilikuwa na kasoro. Protini ya jeni ya kwanza ilikuwa na mamia ya mistari. Ya pili, mitatu tu. Pangaboi hakungoja; aliichagua ya kwanza, akapiga simu.

"Kaka, tumeipata!"

Kesho yake bosi wake aliitazama ramani. "Mistari yote hii imetoka wapi?"

Pangaboi akafungua tafiti za zamani. Protini ile ilichunguzwa miaka mingi kwa ajili ya saratani; ilikuwa na marafiki wengi kwa sababu watafiti wengi waliwatafuta. Tena kaka yake mwenyewe, fundi wa majokofu, alikuwa na kasoro ileile, na bado alibeba friji mgongoni hadi ghorofani.

"Kwa hiyo mmeipoteza tena?" kaka alifoka. "Mke wangu ameshatangazia ukoo mzima!"

"Nilikurupuka, kaka. Nisamehe."

Aliigeukia ile ya mistari mitatu. Miwili ilikwenda moja kwa moja kwenye protini za ugonjwa uleule. Walipopima jeni hiyo kwa wazazi, kila mmoja alikuwa na nakala moja nzima na moja mbovu. Mtoto alirithi mbovu zote mbili. Kazi ya protini hiyo ilikuwa kuingiza vitamini fulani kwenye neva. Daktari akasema vitamini hiyo kwa dozi kubwa huenda ikazuia miguu isizidi kudhoofika, ingawa hakuahidi.

Asubuhi ya dozi ya kwanza, Pangaboi alipiga simu akiwa amesimama.

"Vipi, amepanda ngazi?"

"Dada," kaka alicheka, "kikombe cha dawa bado kiko mdomoni mwake."

"Haya. Nitapiga tena baadaye kidogo."