Betri za Kuanika

Juzi fundi aliyekuwa akinifungia spika mpya, kubwa kuliko kabati, alianza kuimba, na wivu wa zamani ukanirudia.

Utotoni, redio pekee ya mtaa mzima ilikuwa yetu, nami ndimi niliyeanika betri juani. Niliamini zinakunywa nyimbo humo kwenye jua. Alasiri moja zikafa katikati ya wimbo. Wani wa jirani, asiye na hata waya, akaumalizia kwa mdomo huku akipiga jerikeni. Mama akacheza mpaka lawa, shuka lake la kujifunga, ikamdondoka begani.

“Ya Wani, rudia!” Mama akamwita.

“Mama, ngoja, betri zinapata moto!”

“Wewe kaa na betri zako.”

Leo spika zangu, jasho langu mwenyewe, zinasikika hadi mtaa wa Nyakuron. Nilipozifungulia, Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, “Na Wani siku hizi anaimba wapi?”