Herufi N Kwenye Kona ya Prufu

Siku ya kwanza nilipoingia katika kiwanda cha uchapaji pale River Road sikuonyeshwa mashine. Nilionyeshwa kiti. Msomaji Mkuu, Mgoa mwembamba aliyevaa tai nyeusi kila siku kana kwamba anatoka msibani, aliniketisha mbele yake, akanipa karatasi za mwandishi na kusema, "Soma kwa sauti. Koma, nukta, herufi kubwa, kila kitu."

Nikasoma mistari miwili.

"Umeruka koma. Anza tena."

Nilianza tena mara tisa kabla ya chai. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu, na kila ninapoikumbuka namshukuru Mungu, ingawa miaka ile ya mwanzo niliifanya kwa hofu.

Ninyi mnaosahihisha kwa kompyuta huenda hamjui prufu ilivyosomwa zamani. Mpangaji wa chapa alichukua herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye kasha, akazipanga mistari, akazipaka wino na kutoa karatasi ya majaribio. Hiyo ndiyo prufu. Kisha watu wawili walikaa nayo. Mmoja alisoma maandishi ya mwandishi kwa sauti, mwingine alifuata kwenye prufu na kutia alama pembeni: mkia uliojikunja maana yake ondoa, kikofia maana yake ingiza, vinukta chini ya neno maana yake liache lilivyo. Na kila aliyeigusa prufu aliandika kwenye kona herufi ya kwanza ya jina lake, ili kosa likionekana lijulikane ni la nani. Mimi, Yohana, niliandika Y. Mpangaji wetu, Njoroge, aliandika N.

Njoroge alikuwa Mkikuyu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Alikuwa mtani. "Wewe mtu wa Maragoli," aliniambia, "ukiendelea kukodoa macho hivyo, kazi ya kesho utaifanya kwa kupapasa." Lakini nilipokosea ni yeye aliyenionyesha polepole, bila kumwita mkubwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Viwanda vya uchapaji vilitazamwa kwa jicho kali, kwa sababu serikali ya kikoloni iliogopa vijikaratasi vya siri vya wapiganaji wa msituni, wengi wao Wakikuyu, na viapo vyao. Askari waliingia bila kubisha na kufungua makasha ya herufi. Ndiyo maana Msomaji Mkuu alibandika mlangoni amri moja: hakuna prufu kutoka nje ya nyumba hii. Anayevunja hana kazi. Na mtu wa kutoka mbali kama mimi, asiye na barua ya mwajiri, alirudishwa kwao kwa treni ya kwanza. Mshahara wangu ndio uliomsomesha mdogo wangu na kumtunza mama.

Basi ikaja kazi ya Mwalimu mmoja mstaafu, Mwingereza aliyeishi karibu na Ngong Road. Alikuwa ameandika kijitabu kizima juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza. Kitenzi chenyewe ni wit, maana yake kujua. Waingereza wa kale walisema I wot, najua. Thou wottest, unajua. He wist, alijua. Baadaye kikafa midomoni mwa watu. Kikabaki katika Biblia ya Kiingereza cha zamani, katika maandishi ya mawakili, na katika mashairi, pale mshairi alipotaka maneno yake yasikike kama ya mababu. God wot, waliandika, Mungu ajua. Mwalimu alieleza pia neno iwis, ambalo maana yake ilikuwa hakika. Wapigachapa wa zamani walilikata vipande viwili likawa I wis, na washairi waliokuja nyuma wakadhani nalo ni najua, wakalitumia hivyo miaka na miaka.

Tulipofika ukurasa huo Msomaji Mkuu alivua miwani. "Unaona, Yohana? Mtu kama Njoroge na mtu kama wewe walisinzia kazini, na Waingereza wakapata neno ambalo halikuwapo."

Njoroge akaitikia kutoka kwenye kasha lake, "Basi watushukuru, Bwana. Tumewaongezea mali."

Mimi sikucheka. Prufu ya kwanza ilikuwa imerudi kutoka kwa Mwalimu na wino mwekundu kama kidonda. Mahali panne wist ilikuwa imegeuka wish, nami nilikuwa nimepita juu yake. Msomaji Mkuu alisema bila kupandisha sauti, "Kosa moja tena katika kijitabu hiki, nitakuandikia barua ya kuondoka."

Prufu ya pili ilitoka Ijumaa jioni. Tulikuwa tumeisoma, Njoroge alikuwa ameirekebisha na kutia N yake, lakini moyo wangu haukutulia. Niliona wish kila nilipofumba macho. Nikaikunja, nikaitia ndani ya shati, nikatoka nayo. Nilikaa na mtoto wa shangazi yangu, mpishi, katika chumba cha watumishi karibu na mahali palipo Jamhuri Estate leo. Niliikagua Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Haikuwa na kosa hata moja lililopita bila alama. Nilipiga magoti nikashukuru.

Jumatatu asubuhi, nikiirudisha, nikakuta kizuizi cha askari Ngong Road.

"Simama! Mikono juu! Kipande?"

Nikatoa kitambulisho.

"Kabila gani?"

"Mluhya, afande. Maragoli."

Askari alipapasa kifua changu, karatasi ikalia. Akaikunjua, akaiona mikia, vikofia na vinukta, akaita kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Nilipelekwa kituoni kwa Inspekta, Mzungu kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Hii lugha gani?"

"Kiingereza, bwana."

"Mimi Mwingereza." Aligonga meza. "Hii hapana Kiingereza. Wot. Wottest. Wist. Kiapo hii? Soma!"

Nikasoma. Kwa hofu nilisoma kama nilivyozoezwa, kila kitu: herufi kubwa, wot, koma, herufi za mlalo, wist, nukta-mkato. Askari wawili wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Afande, anatoa namba za siri."

Inspekta aliweka kidole kwenye kona. "Y ni wewe, Yohana. Hii N, nani?"

Hapo ndipo nilipojua hofu ni nini. Mimi Mluhya ningeweza kupigwa kofi na kupandishwa treni. Lakini jina la Mkikuyu, likitoka kinywani mwangu mbele ya karatasi kama ile, lingekuwa gari lenye wavu wa chuma, halafu kambi ya kizuizini. Na mimi nililelewa kutosema uongo. Baba alikuwa mzee wa kanisa; nilijua Amri Kumi kabla sijajua kufunga vifungo.

"Unamjua N?"

"Namjua, bwana."

"Jina?"

"Sitasema, bwana."

Askari alinipiga kofi, sikio likavuma. Inspekta aliuliza tena. Nikajibu vilevile. Niliomba kimoyomoyo nisiulizwe mara ya tatu kwa sababu sikuwa na hakika na ulimi wangu. Inspekta akachukua simu, akapiga kiwandani kwetu.

Msomaji Mkuu alikuja na tai yake nyeusi, kamusi kubwa ya Kiingereza chini ya kwapa na maandishi ya Mwalimu mkononi. Hakunitazama. Alifungua kamusi mezani, akamwonyesha Inspekta mstari. Inspekta alisoma midomo ikicheza. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Na N?" aliuliza.

"Si mtu," alisema Msomaji Mkuu. "Ni alama ya kazi. Maana yake ukurasa umekwisha kurekebishwa."

"Boy amesema anamjua."

"Boy ameogopa. Akiogopa hukubali kila kitu."

Nikaachiliwa. Tulitembea kurudi mjini kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na kamusi. Nilingoja aniambie sina kazi. Tulikuwa tumekaribia mjini aliposimama.

"Jumamosi nitakwenda kuungama kwa padri," alisema. "Nimesema uongo mbele ya serikali. Wewe?"

"Mimi sikusema uongo, Bwana." Nilisema kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe.

"Najua. Uliniachia mimi."

Hakuniandikia barua ya kuondoka. Nilimweleza Njoroge yote, naye kwa mara ya kwanza hakutania. Alinishika mkono, akarudi kwenye kasha lake. Wiki chache baadaye ukaja msako mkubwa, wakachukuliwa Wakikuyu wote wa mtaa ule, wenye vibali na wasio navyo, naye akiwa miongoni mwao. Alirudi baada ya miaka minne, amekonda, kidole kimoja hakikunjiki. Akapanga herufi kwa vidole vilivyobaki mpaka akastaafu.

Mimi nilipanda ngazi. Nilikuwa msomaji, kisha naibu, na uhuru ulipokuja nilikaa katika kiti cha Msomaji Mkuu, yeye alipokwenda kwao Goa. Nilifundisha wengi kusoma koma kwa sauti. Wakiniuliza siri ya kazi, niliwaambia ni subira, na ni kweli.

Lakini sasa nina muda wa kukaa na mambo yangu, na swali la siku ile sijalimaliza. Nimewauliza wachungaji watatu kama nilitenda haki pale kituoni. Wawili walisema ndiyo. Wa tatu, kijana, aliniuliza, "Mzee, huyo Mgoa ulimshukuru?"

Sikumshukuru. Nilidhani shukrani ingekuwa kuusifu uongo wake. Kwa hiyo kila Jumamosi, siku aliyokwenda kuungama, nalitaja jina lake kwa Mungu, naomba asihesabiwe neno lile la uongo. Nikimaliza naomba lihesabiwe kwangu.