Babu, Mzee Amaro na Meza ya Watu Wanne

Enzi zetu jengo letu lilikuwa na kelele. Najua mama akisoma hapa atacheka, maana kila nikisema "enzi zetu" huniuliza, "Una miaka kumi na saba, enzi gani hizo?" Lakini mdogo wangu Khamis ana miaka tisa, na nikimtazama naona kabisa kwamba mimi ni mtu wa zama nyingine. Nyinyi mliokulia kwenye maghorofa ya Etobicoke, hapa Toronto, pamoja nami mtanielewa.

Tulicheza kujificha kwenye chumba cha kufulia, nyuma ya mashine za kukaushia, mahali penye joto na harufu ya sabuni, na anayetutafuta alikuwa anatupata kwa sababu tulishindwa kuzuia chafya. Tulivunja barafu iliyoning'inia kwenye mabomba tukaimung'unya kama koni, na kila mama wa jengo zima alikuwa na haki ya kutupigia kelele. Tuliteleza kwenye theluji juu ya maboksi ya ndizi. Lifti ikiharibika tulipanda ngazi na kutaja nani kapika nini: hapa kitunguu kinaungua, hapa samaki, hapa bizari, na kwetu tui la nazi. Leo Khamis akitoka nje dakika kumi anauliza mtandao uko wapi.

Mimi nilikuwa na haya, na bado ninayo, ndiyo maana naandika badala ya kusema. Mtu akiingia kwenye lifti nilijifanya nasoma tangazo la kuzuia kunguni, mpaka nikalihifadhi. Mwalimu alidhani sijui Kiingereza. Kina mama wa msikitini walidhani sijui Kiswahili.

Mtu niliyeongea naye bila ulimi kunata alikuwa Babu, baba yake mama. Aliletwa kutoka Pemba nikiwa darasa la nne, baada ya Bibi kufariki na nyumba ya Kengeja kubaki na yeye peke yake na kuku. Alikubali kuja kwa neno moja tu, "nikatazame". Akatazama, na hakupenda.

"Nchi nzuri, sikatai," alimwambia mama. "Lakini haina mtu."

"Baba, jengo hili tu lina watu kuliko Kengeja nzima."

"Mie nimesema mtu. Sikusema watu."

Akatangaza kwamba theluji ikiyeyuka anarudi kwao. Nguo zake aliziacha sandukuni. Alikuwa akichomoa shati moja, likifuliwa, analirudisha mlemle. Mama alikuwa akilia jikoni, kwa sababu kule hakukuwa na wa kumkumbusha dawa ya presha. Mimi nililia bafuni kwa sababu yangu mwenyewe. Babu akiondoka, habari za shule ningemwambia nani? Khamis wakati huo alikuwa mtoto wa nepi, ingawa nakiri alikuwa msikilizaji mzuri kuliko sasa.

Jumamosi moja mimi na Babu tulishuka na kapu la nguo. Kando ya chumba cha kufulia kulikuwa na ukumbi mdogo wa wapangaji, na humo wazee watatu walikuwa wanacheza karata karibu na bomba la joto. Kiti cha nne kilikuwa na makoti. Baadaye nilijua kwamba mwenzao alikuwa amehamia kwa binti yake, mji wa Brampton, na tangu siku hiyo walikuwa wanacheza pungufu na kununa.

Babu akasimama mlangoni. Nikamvuta mkono wa shati, hakwenda.

Kwa wasioujua mchezo, Pemba tunauita wahedi na sitini. Pointi zote ni mia na ishirini, na ukipata sitini na moja umeshinda. Karata za picha huitwa mzungu wa pili, wa tatu na wa nne, kwa hesabu ya pointi zake. Mzungu wa nne ndiye mfalme, ana taji na upanga, lakini katika mchezo huu saba, karata isiyo na hata sura, inampiga. Sasa pale mezani mzee mmoja akatupa mfalme wake kwa maringo. Mwenzake mwenye masharubu meupe akaweka saba juu yake, akavuta zote.

Babu akatua kapu chini.

"Zuhura. Hawa wanacheza wahedi na sitini."

"Babu, twende, nguo bado hazijafuliwa."

"Watu wa wapi hawa? Hebu waulize."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Nikauliza kwa sauti ambayo niliisikia mwenyewe tu. Mwenye masharubu akaweka kiganja sikioni, nikarudia, akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba anaitwa Amaro, wa kisiwa cha Terceira, huko katikati ya bahari kuu. Kabla sijamaliza kutafsiri, Babu alikuwa ameshaondoa makoti kwenye kiti na kukaa.

Hawakunihitaji tena. Turufu ikaonyeshwa, Babu akaitikia kwa kichwa. Wakagawa kwa mkono wa kulia, na Babu naye hajawahi kugawa kwa upande mwingine. Zamu yake ilipofika akaipiga karata mezani mpaka kahawa ikaruka. "Kula hiyo," akasema. Nilitamani niingie kwenye mashine ya kukaushia nijifungie. Msimamizi wa jengo akaja mbio akidhani wazee wanapigana, akamkuta Mzee Amaro anajibu kwa kofi kubwa zaidi la karata, na wote wanne wanacheka mpaka meno ya bandia yanatikisika.

Ile ndiyo baridi tamu kuliko zote nilizoziona hapa. Kila Jumamosi Babu alivaa kofia yake ya viua, ile iliyotariziwa kwa mkono, akachukua chupa ya chai ya tangawizi na kashata za mama, tukashuka. Wao walileta vikeki vya maziwa na mayai vilivyounguzwa juu makusudi. Mimi nilikaa kwenye lile bomba la joto na kitabu nisichokisoma. Babu akishindwa alisema mwenzake kacheza kama kuku; akishinda alisema kwao Kengeja hata watoto wachanga wangeshinda mkono ule. Yote nilitakiwa kuyatafsiri, na taratibu sauti yangu ikaanza kufika upande wa pili wa meza. Habari za kurudi Pemba zikapoa. Mama akaacha kulia jikoni.

Theluji ilipoanza kuchoka, shuleni tukaanza somo la safari za Wazungu baharini. Mwalimu alitupa kila mmoja ramani ya dunia yenye mistari ya nukta nukta ya kupaka rangi, nyekundu ya Wareno. Alitueleza kwamba mahindi, mihogo, nyanya na pilipili vilitoka upande huu wa dunia vikasambaa na merikebu zile, na nilishangaa, kwa maana niliamini muhogo uliumbwa Pemba. Akataja pia maradhi, bunduki, na watu waliofungwa minyororo. Alipotumia neno "kugundua", msichana anayeitwa Dani, ambaye watu wake walikuwa katika ardhi hii tangu mwanzo, alisema bila kunyoosha mkono, "Sisi hatukugunduliwa. Tulikuwa nyumbani." Nilimwonea wivu sauti yake kwa wiki nzima.

Ramani hiyo niliiacha kwenye meza ya jikoni, Babu akaiona.

"Mstari huu mwekundu unakwenda wapi?"

Nikamwonyesha: unazunguka chini ya Afrika, unapanda Kilwa, Mombasa. Pemba niliitia mwenyewe kwa penseli, maana mchoraji aliisahau.

"Ni kina nani hao?"

"Wareno."

Mreno alikuwa anamjua. Kwao, Mreno ndiye katili wa hadithi. Ukuta wowote uliobomoka kaubomoa yeye kwa mizinga, na mtoto asiyelala alitishwa kwa jina lake. Lakini hajawahi kumhusisha na mtu wa karata, kwa kuwa Mzee Amaro alisema tu ni wa Terceira, na mimi sikumwambia kwamba Terceira ni kisiwa cha Wareno.

"Amaro ni Mreno?"

"Ndiyo, Babu."

"Mreno wa mizinga?"

"Si yeye. Hao ni wa zamani sana."

"Na karata?"

Nikamwambia nafikiri karata nazo zilikuja na merikebu hizohizo. Hilo lilimuuma kuliko mizinga. Maisha yake yote alijua kwamba wahedi na sitini ni mchezo wa baraza la baba zake.

Jumamosi ile hakushuka. Iliyofuata pia hakushuka. Sanduku likapanda kitandani, likafunguliwa, na mashati yakaanza kukunjwa vizuri, si kutupiwa tena. Nje, maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye roshani za juu. Mama alipita mlangoni kwake mara nyingi.

Kisha mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Amaro, kofia mkononi, amepanda ghorofa zote kwa miguu kwa kuwa lifti ilikuwa imegoma.

"Muulize babu yako kama anaumwa," akaniambia akihema.

"Mwambie mie mzima," Babu akajibu kutoka chumbani. "Mwambie nimeiona ramani."

Nikamwambia, nikamwonyesha ule mstari. Mzee Amaro aliuangalia kwa muda, akakaa kitini bila kukaribishwa. Akasema kwao walikuwa wanakamua ng'ombe wa watu wengine. Merikebu zilitia nanga kisiwani kwao kuchukua maji, zikachukua na vijana, na wengi hawakurudi. Mama yake hajawahi kumwona mfalme ila kwenye karata, na hata huyo anapigwa na saba. Nilitafsiri yote. Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo, na mahali pengine nilisimama kwanza, nikamtazama Babu usoni, ndipo nikaendelea.

Babu hakucheka, ila aliacha kukunja.

Mzee Amaro akatoa simu, akasema alikuja kumwonyesha mwenzake sikukuu ya kijijini kwao. Nikampelekea Babu. Kwenye kioo kulikuwa na njia nyembamba, watu wamepanda juu ya kuta, na katikati ng'ombe dume mweusi, ana kamba shingoni, wanaume wameishika kwa nyuma, na vijana wanamchokoza na kukimbia.

"Simamisha," Babu akasema. "Huyu dume ana kamba."

"Ndiyo."

"Hawamchinji?"

Nikauliza. "Hawamchinji. Jioni anarudi malishoni."

Babu akatoka chumbani pekupeku. "Zuhura, hii Kengeja. Huu ni mchezo wa ng'ombe wa Kengeja. Kilichokosekana ni zumari tu." Akapandisha suruali na kumwonyesha Mzee Amaro kovu la pembe lililo juu ya goti, ambalo miaka yote mama alituambia ni la baiskeli. Mzee Amaro akafungua vifungo vya shati akaonyesha la kwake, begani.

"Lakini yule kashika mwavuli," Babu akasema. "Muulize, anaogopa mvua? Mwanamume anamchokoza ng'ombe kwa mwavuli?"

"Na nyinyi mnatumia nini?"

"Kanga."

"Nguo ya mwanamke?" Mzee Amaro akapiga meza.

Wakacheka, kisha Babu akaishusha suruali ikafunika kovu. "Mwambie sijasamehe mizinga."

Nikamtazama Mzee Amaro usoni, ndipo nikamwambia.

Mzee Amaro akatikisa kichwa. "Mwambie sijaja kuomba hilo. Nimekuja kuomba mtu wa nne."

Babu alitazama nje, yale maji yanayodondoka. Akaingia chumbani, nikadhani ndiyo basi. Akatoka amevaa viatu na kofia ya viua. "Mwambie leo atakula saba mpaka ashibe." Wakashuka ngazi wameshikana mikono, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa mwendo. Mama aliporudi kazini akakuta sanduku liko wazi na mwenyewe hayupo. Aliyahamishia mashati yote kabatini kwa haraka ya mtu anayeanua nguo mvua ikinyesha.

Babu hakuondoka tena, mpaka mwaka huu. Januari alikwenda Pemba, lakini na tiketi ya kwenda na kurudi, na Mzee Amaro akiwa kiti cha pembeni yake. Walisukumwa uwanja wa ndege kwenye viti vya magurudumu, wakibishana nani asukumwe mbele. Mzee mmoja wa pale Kengeja alipouliza ni nani huyu, Babu alijibu, "Mreno. Safari hii nimemwalika mie." Walituma video: Mzee Amaro amesimama juu ya ukuta kati ya watoto wa kijiji, amejifunga kanga kiunoni, anampungia dume mwavuli aliokuja nao kutoka Toronto. Khamis aliitazama robo yake, akapeleka kidole kwenye nyingine.

Zamani, ili wazee wawili waelewane, ilibidi mtoto mmoja mwenye haya asimame katikati yao. Siku hizi simu inawatafsiria. Khamis ndiye aliyewaonyesha namna yake, na anasema ni nzuri kuliko mimi, maana haisitisiti. Ni kweli, haisitisiti. Ingempelekea Mzee Amaro lile neno la mizinga vilevile lilivyotoka, bila kumwangalia yeyote usoni.

Huku nyumbani hakuna anayeniita tena kutoka upande wa pili wa ukumbi, "Zuhura, njoo umwambie huyu." Wanarudi mwezi ujao. Nimemwomba mama aniombee dua simu ya Babu itumbukie Mkondo wa Pemba, siku yoyote, mahali penye kina.