Githeri ya Jumapili

Juzi binti yangu alibandika kwenye friji karatasi ya vyakula vya wiki nzima, akaniambia ni njia mpya ya kuokoa pesa. Mpya, eti.

Nilipokuwa mtoto, tukikaa mtaa wa Kabiria, kila Jumapili Mama alichemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya kutufikisha Ijumaa. Kila jioni aliipasha moto isichache, mara aikaange kwa kitunguu, mara aiponde na viazi. Hata sweta yangu ya shule ilinuka maharagwe. Mimi niliamini hajui kupika kitu kingine, na nilikuwa nimechoka naye kabisa.

Jumatano moja mchana, Mama akiwa kazini, niliita wasichana watano wa darasa letu tuimalize githeri, ili alazimike kupika kitu kingine. Tulikwangua sufuria mpaka ikalia.

Mama aliporudi alifunua sufuria, akachungulia ndani.

"Nilikuwa na wageni, Mama," nilisema. "Sasa utapika nini?"

"Mmekula ya leo, ya kesho na ya Ijumaa," alijibu, akaifunika.

Jioni hiyo tulikunywa uji usio na sukari. Alhamisi, uji. Ijumaa nilimwuliza Jumapili itafika lini.