Kartye ya Nyota Nne na Nusu

Wakati tunakua sisi, mtu alichagua kartye, mtaa wa kuishi, kwa miguu na kwa mdomo. Siku hizi anaichagua kwa kidole, amelala kitandani. Nayasema haya kwa sababu simu yangu imejaa picha za nyumba za Ubelgiji mpaka inakataa kupokea nyingine, na anayezituma ni mdogo wangu Neema, mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tulipokuwa tunarudi Goma baada ya lava ya volkano kupoa.

Neema na mumewe Olivier wamehamia Liège. Olivier amepata kazi ya kutengeneza mashine, kazi ya kusafiri-safiri, na Neema atahudumia wazee katika nyumba ya wazee, kwa zamu. Wana watoto wawili: Josué, aliyeanza shule juzi tu, na Grâce, ambaye bado ananyonya kidole. Chumba cha muda walichopewa ilikuwa lazima wakiache mwisho wa mwezi, na mbele yao kulikuwa na nyumba mbili, moja juu kilimani, nyingine chini, nyuma ya stesheni ya treni.

"Yaya, na wewe utupe mawazo yako," aliniambia. Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Nikafurahi kuulizwa. Kumbe alikuwa ameshaamua, alitaka tu nisifie.

"Kartye ya juu iko na nyota nne na nusu," akasema.

"Nyota za nini?"

"Watu wanaziweka kwa internet, Yaya. Utulivu, usalama, masomo, bustani ya batoto."

"Na ile ya chini?"

"Nyota mbili. Makelele."

"Nani anapiga makelele?"

"Watu."

"Basi hapo njo kuna watu," nikamwambia. Akacheka, akidhani natania.

Mimi nilijifunza kuchagua kartye nikiwa na kipande cha bati mkononi. Lava ilikuwa imekula nyumba yetu ya mjini pamoja na vitanda, masufuria na mashine ya kushonea ya mama. Papa hakuwapo tena. Lori lilikuwa limepinduka naye kwenye njia ya Masisi kabla ya hapo. Tuliporudi kutoka Gisenyi tulilala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine, na mchana mama alinishika mkono tukaenda kutafuta nyumba ya kupanga. Mjini kote kulinuka kiberiti na mpira ulioungua, na ukisimama mahali pamoja muda mrefu ulihisi joto la mawe likipanda kupitia ndala.

Mama hakuanza kwa kuuliza kama bati linavuja au choo kiko wapi. Alisimama pembeni ya avenyu, akanipa kile kipande cha bati, akasema, "Enda uombe moto."

Vijana wa leo watashangaa: moto unaombwa? Ndiyo, uliombwa, na hakuna aliyeona haya. Jioni mtoto alitumwa kwa jirani, akawekewa makaa mekundu kwenye bati, akarudi mbio akiyapuliza ili yafike yangali hai kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa. Watoto wa leo ukiwatuma dukani wanauliza kwanza kama kuna charge kwenye simu.

Kartye ya kwanza ilikuwa ya nyumba za matofali zenye maua mbele. Nilipewa moto kila nilipoingia. Mtumishi alifungua, akaweka kaa kwenye bati langu, akafunga. Nikarudi kwa mama najivuna.

"Wamekuuliza nini?"

"Hawakuuliza kitu."

"Basi twende."

Nililia kwa hasira njia nzima. Miguu iliniuma, na yale maua nilikuwa nimeshayapenda.

Tukafika Keshero, kwenye njia ya mawe makali inayoshuka ziwani. Mama mmoja Mnande, mwenye biashara ya vitunguu vya kutoka Butembo, alikuwa ameketi mlangoni anachambua sombe, yale majani ya muhogo. Nikamsogezea bati langu, nikaomba moto. Hakuinuka. Alinitazama kuanzia unywele mpaka ndala.

"Wewe mutoto wa nani?"

"Wa mama."

"Kila mutu ni mutoto wa mama! Mama gani? Iko wapi? Anakutuma na moto mu upepo kama huu, anataka uchome kartye yetu? Volkano haikumutosha?"

Akatupa sombe ndani ya beseni, akachukua makaa yeye mwenyewe kwa koleo, akanitanguliza mpaka kona aliposimama mama. Hapo akamgombeza. Alimgombeza mama yangu mbele ya watu wasiomjua, kwamba mtoto huyu ana miguu kama vijiti, amekula nini leo, na kwa nini hana sweta. Mama aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini mimi niliyekuwa mfupi nilimwona anatabasamu. Yule mama alipoishiwa pumzi, mama akamuuliza kama kuna nyumba ya kupanga hapo karibu. Ndivyo tulivyohamia ubavuni mwa Mama Kavira.

Nani kati yenu hana kovu la goti? Sisi wa Goma tunajuana kwa magoti. Tulishuka ile njia kwa vichukudu, vibaiskeli vidogo vya mbao visivyo na pedali, magurudumu yake yamevalishwa mpira wa ndala kuukuu, na chini hakukuwa na breki isipokuwa ukuta wa mtu. Wasichana tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi, mpaka vumbi jeusi likatuingia kwenye meno. Bomba lilipokauka, nalo lilikauka kila lilipotaka, tulishuka ziwani na bido, yale madumu ya njano, tukapanda nazo maji yakitumwagikia mgongoni. Jioni kila nyumba ilinuka sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, za kukaanga, na ulijua nani amepata mafuta mapya na nani anarudia ya jana.

Ukikosea kwenye kona ya juu, habari ilifika nyumbani kabla yako. Ulipigwa na aliyekuona, ukapigwa tena na mama kwa sababu ulimpa mwenzake kazi ya kukupiga, kisha aliyekupiga kwanza akakuletea ndizi. Siwaambii kwamba ilikuwa haki. Nawaambia kwamba hukuweza kupotea hata ungetaka.

Na kucheza hakukuwa na miadi. Ulitoka, ukapiga kelele, wakatoka. Sasa Neema ananieleza kwamba huko unamwandikia mama wa mtoto mwingine, mnapanga siku.

"Siku ya nini?"

"Ya kucheza, Yaya."

"Kama kwa muganga wa meno?"

"Yaya!"

Nilikuwa darasa la pili la sekondari mama alipougua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake na hakurudi. Matanga yalipokwisha, wajomba walikaa sebuleni kutugawa. Mimi niende Bukavu kufanya kazi za nyumba kwa shangazi, Pascal, mdogo wetu wa katikati, apelekwe Sake, na Neema, aliyekuwa bado anakojoa kitandani, achukuliwe na yeyote atakayekuwa na nafasi. Mama Kavira aliingia na kikapu chake cha vitunguu, akakiweka katikati ya mlango, akakaa juu ya kigoda.

"Hawa batoto wako na kwao," akawaambia. "Kwao ni hapa."

Mjomba mkubwa akamuuliza yeye ni nani katika ukoo huu. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyewaona watoto wakila jana na juzi, na kwamba mwenye nguvu ya kuwatoa aanze kwa kumtoa yeye mlangoni. Alikuwa mama mnene. Wajomba walikunywa chai yao, wakaenda.

Nikaacha masomo, nikaanza kuuza sambaza. Nilipotoka sokoni mchana sikujua Neema amekula kwa nani. Nilijua tu amekula. Hivyo ndivyo alivyokua huyu mama wa nyota nne na nusu. Alikula nyumba hii, akafanya kazi za shule kwenye meza ya nyumba ile, na sketi yake ya shule ilipigwa pasi mahali pengine kabisa.

Sasa niambieni kama sina haki ya kukasirika. Nikamweleza Neema taratibu, kama ninavyomweleza mteja mbishi: wewe uko kazini, Olivier yuko mji mwingine, siku utakayoteleza kwenye barafu yao ukalazwa, nani atamchukua Josué shuleni?

"Kuna namba ya kupiga."

"Hiyo namba iko na mikono?"

Nikaendelea. Nikamwambia asiniamini mimi, ajaribu. Amtume Josué kwa majirani wa nyumba zote mbili akaombe chumvi.

"Yaya, unataka serikali ininyang'anye mutoto? Huku mutoto hatumwi kwa watu hawamujui!"

"Basi enda wewe. Miguu bado unayo."

Akaenda na Grâce mkononi, ili nimpe amani. Kilimani alibonyeza kengele, sauti ikatoka ukutani ikamwambia samahani, si wakati mzuri. Hakuna mlango uliofunguka. Chini, nyuma ya stesheni, alifungua bibi mmoja wa Kimoroko. Alimpa chumvi kwenye kikombe, kisha akamshika pale mlangoni akimhoji. Ameolewa? Mume yuko wapi saa hizi? Watoto wangapi? Kwa nini yule mdogo hana kofia na upepo huu? Anapika nini kinachohitaji chumvi nyingi namna hiyo?

"Ni mudadisi, Yaya! Amejua mpaka saa za kazi yangu. Nitaishije karibu na mutu kama ule?"

Niliruka jikoni kwangu peke yangu. "Huyo! Neema, huyo njo nyumba! Usitafute tena!"

Nilidhani atacheka. Badala yake nikasikia Grâce akilialia nyuma yake. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya mama kabisa:

"Yaya, sikiliza. Mama alichagua kartye ya kutuachia. Mimi sitaki kuchagua kartye ya kuachia batoto wangu. Nataka ya kukaa nao."

Nikamwambia unite zangu za simu zimeisha, ingawa ni yeye aliyepiga.

Siku zilizofuata niligombana na kila mtu sokoni. Niligombana na mwanamke aliyeshika sambaza zangu bila kununua, na motari, mwendesha pikipiki, aliyenirushia matope. Jibu zuri la kumpa Neema lilinijia kila asubuhi, na kila jioni niliona si jibu. Yeye hakumbuki mama akiumwa. Anakumbuka tu kubebwa kutoka nyumba hadi nyumba, na labda, mimi nilipoona watu wakitulisha, yeye aliona kwamba hakuna hata sahani moja iliyokuwa yake. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na kazi.

Walitia sahihi mkataba wa nyumba ya kilimani. Alinitumia video. Chumba cha Josué peke yake, chumba cha Grâce peke yake, dirisha safi, nyasi zilizokatwa kama nywele za askari. Na kimya. Kimya mpaka nikadhani simu yangu imeharibika sauti, nikaipiga-piga kwenye goti. Josué alipita akivuta kigari, akakifikisha ukutani, akakigeuza, akarudi. Hakuna aliyemkimbiza.

Sikumgombeza Neema. Nilimwomba kitu kimoja tu: anipe jina la jirani. Mmoja. Wa kulia au wa kushoto, sichagui. Kila Jumapili tukiongea nauliza, na kila Jumapili anasema bado, watu wanapanda gari ndani ya gereji, wakirudi wanashuka humo humo, hata sura hajazijua. Amepeleka keki, akaiacha mlangoni. Sahani ilirudi imeoshwa vizuri sana, na karatasi ya kushukuru isiyo na jina.

Jumapili iliyopita nilimuuliza tena, na nadhani alikuwa amechoka na zamu.

"Na wewe, Yaya? Ule wa nyumba kubwa, pale kwa Mama Kavira, anaitwa nani?"

Mimi bado naishi kwenye ile nyumba yetu ya Keshero, lakini Mama Kavira aliondoka vita ilipokaribia mji. Watoto wake walimpeleka Butembo, na parseli, kile kiwanja chake, ikauzwa. Mnunuzi alibomoa ile nyumba ya mbao, akapandisha ukuta wa mawe wenye seng'enge juu na geti jeusi. Hapo mlangoni pa sombe sasa panapita gari lenye vioo vyeusi, asubuhi na jioni. Najua honi yake. Najua kuna mtoto ndani, kwa sababu mchana namsikia akilia, na akinyamaza namsikia akinyamaza.

"Mtandao ni mubaya," nikamwambia Neema. "Sikusikii."

Jumatatu niliwahi kutoka sokoni. Nilioga kuondoa harufu ya samaki, nikafunga kitenge cha kanisani, nikaenda kugonga lile geti jeusi. Kidirisha kikafunguka. Mlinzi, mzee mwenye kofia ya sufu, akanitazama, si kwa ubaya.

"Mama, unatafuta nani?"

Nikasimama pale, sina jina la kumtajia. Kwenye avenyu hii, zamani, swali hilo waliulizwa wageni tu, na sisi watoto ndio tuliowashika mkono tukawafikisha mlangoni.